Mwaka Nekesa Alipobeba Upepo

Mwezi uliopita tulimzika Nekesa. Kwenye mazishi, mtu mmoja mwenye tai na kipaza sauti alisoma wasifu wake, akafika mahali akasema, "Ingawa hakuwahi kushinda shindano lolote, marehemu aliipenda sana baiskeli." Akavuta pumzi, akaendelea na majina ya watoto. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na mguu mmoja wa kiti changu cha plastiki ulikuwa umezama kwenye matope. Hilo tu ndilo lililonichelewesha kusimama. Nilipojinasua, msomaji alikuwa ameshafika kwenye shukrani kwa waliotoa gari. Nikakaa, lakini sikukubali. Nimeuza na kununua maisha yangu yote, na sijawahi kumwacha mtu autajie mzigo uzito kabla sijauona ukipanda mizani. Uzito wa Nekesa nilikuwepo ukipimwa. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, na sitakaa kimya kwa sababu ya mtu aliyepewa karatasi asubuhi.

Familia zetu nitaziruka. Ya kwake ina watu wa kuisimulia, na yangu haipendi kusimuliwa. Naanzia chumbani, Makongeni, katika nyumba za reli, mwaka ambao sisi wawili tulikuwa wasichana wa miaka ishirini na kidogo. Tulikuwa tumepangishwa na mstaafu mmoja wa reli ambaye hakuwa na ruhusa ya kupangisha, nasi hatukuwa na ruhusa ya kupanga, kwa hiyo sote watatu tulikuwa na adabu nyingi. Kitanda changu kilikuwa upande wa dirisha, chake upande wa mlango, na katikati tulitundika leso ambayo haikuficha kitu ila ilitupa heshima. Baiskeli ilining'inia ukutani juu ya kitanda chake, na mnyororo ulidondosha mafuta kwenye mto hadi nywele zake zikawa zinanuka gereji. Jiko lilikaa nje barazani. Mimi nilinunua matumbo asubuhi soko la Burma, nikayaosha, nikayachemsha, nikayauza jioni kwa watu waliokuwa wakitoka viwandani. Yasiyouzika tuliyala. Wiki ambazo biashara ilikuwa mbaya tulikula vizuri sana.

Nekesa alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni, na kabla ya kibarua alikuwa ameshaendesha baiskeli hadi mji unapoanza kuamka, na ameshakuwa amerudi. Alikula ugali wa watu watatu. Nilimwambia siku moja, nikiwa nimeshika mwiko, kwamba ningemlisha ng'ombe kwa unga ule angalau ningepata maziwa. Akacheka, akasukuma sahani. "Ongeza, Mwende. Maziwa utanunua." Ukuta wa kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua dua zake kwa moyo. Jirani huyo ni Mama Ayub, kiongozi wa kina mama wa kanisa, mwanamke wa kutoka magharibi mwenye sauti ambayo haikuhitaji spika. Kila asubuhi alituombea kwa zamu. "Bwana, wakumbuke wale wasichana wa mlango wa pili. Mmoja anauza matumbo, mwingine anapanda baiskeli kama mwanamume. Anza na huyo wa baiskeli, Bwana, wa matumbo ana nafuu." Nekesa alikuwa akiitikia "Amina" kwa sauti kupitia ukutani, na upande wa pili kimya kikaanguka kama sufuria.

Mimi sikuwa nimewahi kuona mashindano ya baiskeli. Nilidhani ni kama mbio za shule: filimbi inapigwa, mwenye nguvu anatangulia, mnakwenda nyumbani. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu ilikuwa Jumapili na matumbo hayauziki Jumapili. Barabara za Viwandani zilikuwa tupu, mageti yamefungwa, na wasichana wakawa wanazunguka mtaa uleule mara nyingi, wanapita mbele yetu wote pamoja kama kundi la nyuki, kisha kimya, kisha wanarudi. Kila waliporudi, Nekesa alikuwa mbele. Nilipiga kelele hadi koo likaniuma. Nilimwambia muuza karanga aliyekuwa kando yangu, "Huyo wa mbele naishi naye." Akaniuzia karanga bila kupunguza bei, lakini kwa heshima. Mzunguko wa mwisho ukafika. Kundi likatokea kwenye kona, Nekesa mbele kama kawaida, na nyuma yake, amejikunja, msichana mwembamba wa klabu yake anayeitwa Zipora, wa kutoka Mowlem. Kisha, karibu kabisa na mstari, Nekesa akasogea kando. Zipora akachomoka kama mbegu ya chungwa. Akashinda. Nekesa wangu akapitwa na huyu, na yule, na mwingine, akamaliza katikati ya watu ambao sikuwa nimewaona mbele hata mara moja. Niliwahesabu waliompita. Sikuamini, nikawahesabu tena walipokuwa wanashuka.

Klabu ilikwenda Burma kula nyama, nami nikaenda kudai haki. Kocha wao alikuwa mzee Mutiso, mchonga vinyago mwenye makovu ya patasi kwenye vidole, mtu wa Ukambani kama mimi, ambaye enzi zake aliwahi kushindana. Walikuwa wamekaa kwenye benchi refu, ubao wa nyama katikati, mguu mzima wa mbuzi ukifuka moshi.

"Kocha," nikasema, "nina swali."

"Kaa kwanza, Mwende. Swali halipoi."

"Nyama ndiyo inapoa," Zipora akasema.

"Wewe ndiye swali," nikamwambia. "Nekesa ameendesha mbele asubuhi yote. Wewe umekaa nyuma yake kama mtoto wa mgongoni. Mwisho unachomoka, unapigiwa makofi. Hiyo sokoni ina jina."

"Jina gani?"

"Nikilitaja hatutakula."

Benchi zima likacheka, na aliyecheka zaidi ni Nekesa mwenyewe, jambo lililoniudhi kuliko yote. Zipora hakucheka sana wala hakukasirika. Alichukua kisu, akakigeuza, akampa Nekesa upande wa mpini. Hapo nikaona jambo ambalo sijaliona kwenye meza nyingine yoyote. Klabuni kwao mshindi hakugusa kisu. Aliyebeba upepo, kama walivyomwita aliyeendesha mbele, ndiye aliyekata nyama, akachagua ya kwake kwanza, akawagawia wengine alivyotaka, na mshindi akala alichopewa. Nekesa akajikatia paja, polepole, bila aibu. Zipora akapewa mfupa wa goti. Akaushukuru ule mfupa, akaanza kuutafuna. "Nimezoea," akaniambia. "Nikishinda nalala njaa."

Lakini mimi sikubali hoja kwa sababu ya kisu. Asubuhi moja ya mapumziko Nekesa akaazima baiskeli nyeusi ya kubebea mikate ya mume wa Mama Ayub, ile nzito kama mlango wa benki, akaniweka juu yake. Tukaenda kwenye barabara iliyonyooka kando ya reli, yeye mbele na baiskeli yake nyembamba, mimi nyuma nikitukana kwa Kikamba. Upepo ulikuwa unatujia usoni, mkavu, wenye vumbi, na kila nilipokanyaga nilihisi kama mtu amenishika kifuani na kunisukuma.

"Karibia!" akasema bila kugeuka.

"Niko karibu!"

"Karibia zaidi. Mimi si simba, Mwende."

Nikakaza meno, nikasogea hadi gurudumu langu likawa karibu kulamba lake. Upepo ukakatika. Haukupungua, ulikatika, kama mtu aliyefunga mlango. Ghafla ile baiskeli ya mikate ikawa inateremka mahali ambapo hapakuwa na mteremko. Nilisikia mnyororo wake, nilisikia pumzi yake ikikwaruza, na mimi pumzi zangu zilikuwa za mtu aliyekaa barazani. Kisha akasogea kando bila kuniambia, na upepo ukanipiga usoni kama ndoo ya maji. Nusura niingie mtaroni.

"Umeonja?" akaniuliza aliporudi kunichukua.

"Nimeonja."

"Sasa sema. Nani alikuwa anafanya kazi?"

Kitu nilichokuwa nakiita kuonewa kilikuwa ufundi, na mwenye ufundi huo alikuwa anakula matumbo yangu kila jioni akinisikiliza nikimfundisha maisha.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila shindano, na nilitazama kama ninavyotazama buchani: sitazami nyama, namtazama anayeuza. Nilianza kuona. Niliona kwamba kundi likienda taratibu si kwamba limechoka, linamngoja mtu mjinga ajitolee kuvuta. Niliona kwamba msichana anayetoroka mapema peke yake mara nyingi hatumaini kushinda. Ametumwa ili wapinzani wamfukuze, wachoke, na mwenzake aliyebaki kundini apumzike kwa raha zake. Na niliona jambo moja ambalo hakuna aliyehitaji kunieleza. Wasichana wawili walikuwa wametoroka, mstari uko pale, na badala ya kukimbia wakaanza kwenda polepole, wanaangaliana, karibu wasimame. Watu wakazomea. "Wamechoka hao! Wapeni chai!" Mimi nikasimama juu ya ndoo ya mtu. "Hawajachoka! Wanauziana!" Maana ndivyo ninavyokaa na muuza matumbo asubuhi. Anajua ninataka, najua anataka kuuza, na wa kwanza kutaja bei ameumia. Nyuma ya yule anayeanza kukimbia kuna mwenzake anayekaa kwenye kivuli cha upepo wake, anampita mwishoni. Kwa hiyo hakuna anayeanza. Mmoja akashindwa kuvumilia, akaanza. Akapitwa. Muuza karanga akanigeukia. "Dada, wewe umejuaje?" Nikamwambia apunguze bei nimweleze. Siku hiyo alipunguza.

Mwaka ulikuwa unakwenda vizuri hivyo, basi mwenyekiti wa klabu akaamua kufanya kazi. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mowlem, na alipewa uenyekiti kwa sababu alikuwa na pikapu. Baiskeli zote zilikuwa mali ya klabu, ikiwa ni pamoja na ile ya ukutani kwetu. Akaitisha mkutano kwenye karakana ya Mutiso, katikati ya twiga wa mbao waliosimama bila masikio, wakingoja kumaliziwa. Mimi sikuwa mwanachama, lakini nilikuwa nimepeleka matumbo, na aliyebeba chakula hafukuzwi.

"Nina wasichana wengi wanaongoja baiskeli," mwenyekiti akasema. "Na hapa kuna mtu ana baiskeli mwaka mzima, hajaleta hata kikombe kimoja. Shindano la kufunga mwaka, asiyeingia watano wa kwanza, arudishe."

Mutiso akaweka patasi chini. "Mwenyekiti, ukimwondoa Nekesa, Zipora hashindi."

"Zipora ana miguu yake."

"Miguu yake inafika mwisho ikiwa mizima kwa sababu ya nani?"

"Kocha, mimi nasoma matokeo. Matokeo hayana hadithi."

Nekesa alikuwa amekaa juu ya kigogo, akimpapasa twiga mmoja shingoni. Tukarudi nyumbani, nikapika, akala ugali wa mtu mmoja. Hapo ndipo nikajua hali ni mbaya.

"Safari hii endesha kwa ajili yako," nikamwambia.

"Kwa ajili yangu ndiyo vipi?"

"Kaa nyuma ya wengine. Tulia. Ingia watano wa kwanza. Zipora ajibebe."

Akaangalia baiskeli ukutani. "Bila hiyo," akasema, "mimi ni mikono miwili kwenye laini ya sabuni. Asubuhi nikiwa juu yake hakuna anayeniambia nisogee." Kisha akavuta leso, maana yake mazungumzo yameisha.

Habari zikapita ukutani, kama zilivyopita zote. Jumapili ya shindano Mama Ayub alikuja na kina mama wa kanisa, wametoka ibada ya kwanza, wamevaa sare, vitambaa vyeupe kichwani, na kayamba tatu. Walikuwa hawajui chochote kuhusu baiskeli isipokuwa ile ya mikate. Walichojua ni kwamba binti wa ploti yao anatakiwa kunyang'anywa, na kwamba mahali pa mtu anayeshinda ni mbele. Wakajipanga kwenye kona. Kila kundi lilipopita na Nekesa hayuko mbele, Mama Ayub alinitazama kana kwamba nimemlisha Nekesa vibaya. Mwenyekiti naye alikuwa hapohapo, funguo za pikapu zinazunguka kidoleni.

Katikati ya shindano watu watatu wakatoroka. Wawili walikuwa wa klabu kubwa ya upande wa pili wa mji, wale wenye baiskeli ambazo ukizigonga kwa kucha zinalia kama glasi. Wa tatu alikuwa Nekesa. Kina mama wakapiga vigelegele, kayamba zikalia. Kisha wakaona vizuri. Wale wawili walikuwa wanapokezana kuvuta, na Nekesa amekaa nyuma yao, havuti hata hatua. Mmoja wa wale wawili akageuka, akampungia mkono kwa hasira aje mbele. Nekesa akatazama pembeni, kama mtu aliyeulizwa nauli.

"Kupe!" mtu akapiga kelele ng'ambo ya barabara. "Kupe huyo! Vuta, wewe!"

Neno likashika moto, kona nzima ikawa inaimba kupe. Mama Ayub akashusha kayamba. "Mwende, mwanangu, hata kama ni mambo ya kunyang'anywa... ananyonya watoto wa watu?"

"Mama, Zipora yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma huko, na wale wengine."

"Basi Nekesa akiwasaidia hawa wawili kukimbia, anamkimbia mwenzake. Akikaa, hawa wanachoka, wanagombana, wanapungua. Hanyonyi. Amewakalia mzigo." Nikageukia ng'ambo. "Na wewe unayeita watu kupe! Ulitaka amfunge mwenzake goli ndipo ufurahi?" Yule mtu akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mtu anayejua anachokitazama, na kwamba asimame hapo ajifunze, leo ni bure.

Kundi lililobaki likapita. Hapo kina mama wakaona jambo lingine. Wenzao wa wale wawili, waliobaki kundini, walikuwa wamekuja mbele, wamejipanga barabara nzima, bega kwa bega, wanaendesha taratibu kama wanaomsindikiza bibi harusi. Nyuma yao Zipora anatafuta upenyo, kushoto, kulia, hapati.

"Kocha!" Mama Ayub akamrukia Mutiso. "Wamefunga njia! Iteni refa!"

"Hawajakosea, mama. Wenzao wako mbele, wanawalinda. Ilimradi hawamsukumi mtu."

"Yaani imeruhusiwa?"

"Imeruhusiwa."

"Kuziba barabara kwa kwenda polepole?"

"Kwa kwenda polepole."

Mama Ayub akawatazama tena wale waliojipanga, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, kama anayepima kitambaa.

Zipora alipita. Alipita kando kabisa, kwenye ukingo wa mtaro, gurudumu moja likiwa kwenye changarawe, akavuka peke yake uwazi wote ule kichwa chini, bila mtu wa kumkatia upepo. Angekuwa amechelewa kama wale watatu wangekuwa wanakimbia, lakini hawakuwa wanakimbia. Wale wawili walikuwa wameshachoka kuvuta mtu asiyevuta, wanatupiana maneno. Walipotokea kwa mara ya mwisho walikuwa wanne. Nekesa alikuwa mzima. Niliona kwa mabega yake: alikuwa amepumzika, na waliobaki wote wamechoka. Angetulia tu pale alipokuwa, watano wa kwanza walikuwa mkononi, na wa tatu hakuna ambaye angemnyang'anya. Nikamwita jina. Sijui kama alinisikia. Aligeuza kichwa mara moja, akamwona Zipora amefika nyuma yake, mdomo wazi, kijivu usoni. Akasogea mbele ya wote, akaubeba ule upepo.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile, na nimefanya kazi na wapasua nyama. Aliwavuta wote kwenye barabara ya mwisho kwa kasi ambayo haikumwacha yeyote aanze kuuziana. Wale wawili hawakupata nafasi ya kuangaliana, achilia mbali kutaja bei. Nyuma yake Zipora akavuta pumzi, akavuta nyingine. Kisha Nekesa akasogea kando kama siku ile ya kwanza, na Zipora akashinda kwa urefu wa baiskeli. Wale wawili wakampita Nekesa. Akawa kama amesimama. Kundi likawa limefika, na mmoja akachomoka ndani yake, na mwingine. Nikahesabu. Nikarudia, nikianzia nyuma, labda nimekosea. Wa sita.

"Wa sita," mwenyekiti akasema, funguo zimetulia kidoleni. "Nitaipitia wiki hii."

Nilimkuta Nekesa amekaa chini, mgongo kwenye geti la kiwanda, miguu ameinyoosha. Nikamwagia maji kichwani. "Wa tatu ulikuwa nao," nikamwambia. "Baiskeli ungebaki nayo."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Mwende, mimi pia najua kuhesabu. Mwishoni mimi sina mbio, hao wawili wangenipita. Ningekuwa wa tatu na sisi wote hatuna kitu." Akafuta maji machoni. "Na umemwona alivyovuka? Peke yake? Sikuja hapa kuwa wa tatu. Nilikuja tushinde. Tumeshinda."

Mama Ayub alikuwa amesimama juu yetu na kitambaa chake cheupe. Akainama akamfunga Nekesa kamba ya kiatu iliyofunguka, mama mzima wa kanisa, na sare yake ikaingia vumbi. "Huyo mwenyekiti," akauliza, "anapitia njia gani?"

Wapo watakaosema baiskeli ilikuwa ya klabu na mwenyekiti alikuwa na haki yake. Nami nasema mzigo ni wa aliyeubeba, na nitalisema hilo mbele ya kipaza sauti chochote. Nekesa aliendesha baiskeli ile miaka mingi baada ya hapo, Zipora akishinda nyuma yake, hadi mwenyekiti akapata cheo kingine na pikapu nyingine, akasahau njia ya Makongeni. Lakini wiki ile mwenyekiti alikuja kweli, mchana, na dereva. Kijia cha kati ya zile nyumba kinatosha gari moja ikiwa kila mtu ana nia njema. Alipoingia, Mama Ayub alikuwa anatembea mbele ya pikapu na beseni la nguo kichwani. Kushoto kwake kulikuwa na mama wa soprano, kulia mama wa alto, bega kwa bega. Walikuwa wanaenda bombani. Dereva akapiga honi. Kina mama wakageuka, wakamsalimu, wakaulizia watoto, wakaendelea kwa mwendo uleule. Mbele yao wengine walikuwa wanaanika mashuka kwenye kamba zilizovuka kijia, shuka moja baada ya jingine, wakiyanyoosha makunyanzi kwa upendo mkubwa.

"Mama, tupisheni!" mwenyekiti akatoa kichwa dirishani. "Hii ni njia ya umma!"

"Ndiyo maana tunaitumia," Mama Ayub akasema.

"Mnanizuia!"

"Nani amekugusa, baba? Sisi tunatembea."

Mwishowe akashuka, akaacha pikapu katikati ya mashuka, akaja kwa miguu akipangusa matone ya maji shingoni. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria yangu. Nikamkaribisha matumbo. Nikamtajia bei ambayo mtu mwenye akili hawezi kuikubali, akajikuta anabishana nami, maana kila mwenye duka ana ugonjwa huo. Tulishuka, tukapanda, tukaapa, tukarudi pale pale. Kwa nyuma, upande wa reli, nilisikia mnyororo ukizunguka, ukienda mbali. Nilipoacha kuusikia nikampunguzia bei.

Akakumbuka kilichomleta. Akanipita, akasukuma mlango, akasimama chumbani akitazama ukuta, kitanda, na chini ya kitanda.

"Baiskeli iko wapi?"

"Iko kazini," nikamwambia.